Maji ya kunyonyolea ngozi yameua bwawa letu, nitie tindikali?

MamaNgozi (Kizota, Dodoma):
Mbukwenyi ndugu zangu. Tuna kiwanda kidogo, ngozi zetu zinatoka Kongwa, Mpwapwa na Bahi. Tunanyonyoa manyoya kwa chokaa na sodiamu salfaidi, na maji yake yalikuwa yanapita shimoni na kuingia bila kusafishwa kwenye bwawa la bakteria wanaosafisha majitaka. Wiki ya tatu hii bwawa ni jeusi, linanuka mayai viza. Kijana aliyesoma kemia anasema kwanza tuyaoksidishe maji hayo, yaani tuunguze uchafu wake kikemia, kwa njia ya Fenton: nishushe pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni tindikali) hadi 3 kwa tindikali ya salfuriki, kisha nitie salfeti ya chuma na haidrojeni peroksaidi. Shimo hilo la kukusanyia maji lina kina cha mita 2, vijana wawili ndio wakorogaji. Madumu 4 ya tindikali nimeshanunua. Nianze na kiasi gani? Mji huu tunakunywa maji ya visima, silali.

FundiMajitaka (Singida):
Dada yangu, usitie hata tone! Fenton naiheshimu, nimeitumia kwa maji ya rangi za nguo. Lakini yako yana salfaidi. Sasa hivi chokaa ndiyo inayoishikilia majini. Ukishusha pH chini ya 7, sehemu kubwa inageuka gesi ya haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, inalala shimoni. Ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia, na vijana watadhani imekwisha. Nilishamvuta mwenzangu kwa kamba kutoka shimo la namna hiyo. Yeye alipona. Aliyemtangulia hakupona.

Oksidisha maji yakiwa bado na chokaa yake. Puliza hewa kutoka chini, tia salfeti ya manganizi kidogo iwe kichocheo, subiri saa kadhaa. Pima kwa karatasi ya asetati ya risasi: ikigeuka nyeusi, endelea kupuliza. Peroksaidi nayo ingeweza, ila kwenye maji ya chokaa kilo 1 ya salfaidi inakula kilo 4 na robo za peroksaidi tupu. Utafilisika.

MwalimuKemia (Mpwapwa):
Na maji ya kromu je? Yasiingie humo. Kromu ya kutengenezea ngozi ni ya valensi 3; kioksidishi kikali kwenye maji ya chokaa kinaweza kuigeuza ya valensi 6, ile ya saratani. Yakusanye peke yake, pandisha pH hadi 8 hivi, kromu itatuama kama tope.

MamaNgozi:
Yote yalikuwa yanaingia shimo moja. Bomba la kromu nimelifunga leo, tindikali iko stoo na ufunguo ninao mimi. Vijana nimewakataza kusogea. Fundi, pampu ya hewa ya bwawa la samaki itatosha lita 3,000?

FundiMajitaka:
Haitoshi, dada. Niambie unatumia kilo ngapi za salfaidi kwa siku, nikupigie hesabu ya hewa usiku huu.