Nyoka na hua kwa pamoja?

Mkunazini: Mathayo 10:16 yatutaka tuwe na busara kama nyoka, wapole kama hua. Nyoka si Ibilisi yule wa Mwanzo 3?

Shangani: Mfano huchukua sifa moja tu. Hapa ni hadhari: nyoka akisikia kishindo hujitoma shimoni. Soma mstari wa 23: wanafunzi wa Yesu wakifukuzwa mji huu, wakimbilie mwingine. Tafsiri “wapole” nayo yapoteza kitu. Neno la Kigiriki ni “asiyechanganywa”, lililotumika pia kwa divai isiyotiwa maji.

Wete: Na mstari waanza na kondoo kati ya mbwa-mwitu. Kondoo hana pembe kali wala mbio, ndiyo maana ahitaji mchungaji. Wengi huruka hapo, wakabaki na ujanja mtupu.

Mkunazini: Ahsanteni. Na mbuzi wa Mathayo 25:33?

Shangani: Huo mfano mwengine, wa hukumu. Usiuchanganye.