Kitasa cha mlango wa dereva kimegoma: WD-40, unga wa grafiti, dawa ya barafu, au nibadilishe kitasa kizima?

MsafiriWaHeru (Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Kitasa cha mlango wa dereva wa gari langu kilianza kuwa kigumu kiangazi kilipoingia, na sasa kuna asubuhi ambazo ufunguo haugeuki kabisa, hivyo inanibidi nifungue mlango wa abiria na kujivuta hadi kwenye usukani nikiwa na nguo za kazini. Duka la spea lililo karibu nami lina kopo la WD-40, lakini muuzaji wa duka hilo hilo anasema nisubiri unga wa grafiti (ule weusi kama wa penseli), ambao ataagiza kutoka Mwanza. Mdogo wangu anayeishi Norway naye anasema kule vitasa huganda kwa barafu kila majira ya baridi, na kwamba iko dawa ya kupuliza ndani ya tundu la ufunguo ambayo hufungua kitasa papo hapo. Yuko tayari kumpa mtu anayekuja likizo aniletee. Fundi wangu hataki kusikia habari ya dawa yoyote: anataka tung'oe kitasa tuweke cha mtumba. Mwisho wa mwezi nina safari ya Kibondo na familia, na nisingependa mlango unikatalie njiani. Ninyi mngechagua lipi?

FundiWaGungu (Kigoma)

Ndugu, umeeleza mengi, lakini yale ambayo fundi angeyauliza kwanza hujayataja. Gari ni la aina gani, na lina umri gani? Ufunguo unaingia hadi mwisho ndipo unagoma, au unaishia katikati? Au unageuka vizuri ila mlango haufunguki? Ukiishia katikati, kuna uchafu au kitu kimevunjikia ndani. Ukiingia wote usigeuke, vile vibao vyembamba vya shaba vilivyomo ndani ya silinda, yaani kile kiini cha kitasa kinachogeuzwa na ufunguo, havipandi na kushuka inavyotakiwa, ama kwa sababu ya vumbi, ama kwa sababu ufunguo wenyewe umelika. Ukigeuka bure, silinda ni nzima, na tatizo liko kwenye fimbo inayoiunganisha na kitasa cha ndani ya mlango, mahali ambapo dawa ya kupuliza tunduni haifiki. Halafu unasema unafungua mlango wa abiria: unaufungua kwa ufunguo huo huo au kwa rimoti? Jibu la swali hilo peke yake linaweza kukuokolea fedha.

MzeeWaIsevya (Tabora)

Wanangu, sioni sababu ya kuagiza unga Mwanza wala dawa Ulaya. Nimeendesha Land Rover kwenye barabara ya Tabora kwenda Sikonge tangu ilipokuwa vumbi tupu, na kitasa kilipogoma tulitia mafuta ya taa, tukaingiza na kutoa ufunguo huku tukiufuta kwa kitambaa kila ulipotoka na weusi, hadi ukatoka safi. Kikishakauka, tone moja la oili ya cherehani linatosha. Hiyo WD-40 sina ugomvi nayo kama shabaha ni kusafisha na kufukuza maji, kwa kuwa ndiyo kazi iliyobuniwa kuifanya, lakini mtu asitarajie kwamba akishaipuliza amelainisha kitasa kwa mwaka mzima.

BintiUnyanyembe (Tabora)

Shikamoo mzee. Kwenye kusafisha ninakuunga mkono kabisa, ila kwenye lile tone la oili naomba tutofautiane, na sababu yangu ni yaliyompata mama yangu.

Kitasa cha Noah yake kilikuwa kigumu kidogo tu. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alichukua bomba la sindano akasukuma grisi ya bearingi ndani ya tundu la ufunguo hadi ikafurika nje. Siku hiyo ufunguo uligeuka laini, tukamshukuru na kumlipa. Ilikuwa Agosti, na tulikuwa tukienda vijiji vya Urambo na Kaliua mara kwa mara kununua asali. Vumbi la njia zile liliingia tunduni na kunasa kwenye grisi, na kila ufunguo ulipotoka ulikuwa umepakwa tope jeusi lenye chembe unazozisikia ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kitasa kikawa kigumu kuliko kilivyokuwa kabla ya kutibiwa. Jioni moja, tukiwa Kaliua, mama aliugeuza ufunguo ukakatikia ndani. Ufunguo wa akiba ulikuwa Tabora. Tulikaa kwenye benchi la duka la dawa hadi akapatikana kijana mwenye kipande cha wembe wa msumeno mwembamba wa chuma, akaupenyeza kando ya kipande kilichobaki, meno yakiwa yameelekea nje, akakikamata na kukivuta taratibu sana mpaka kikatoka. Ufunguo wa akiba ulifika na basi kesho yake. Silinda ilipofunguliwa Tabora tuliona springi zake ndogo, nyembamba kama unywele, zimelala zote, zimeshikana na ile grisi iliyokuwa imekauka.

Kwa hiyo mimi ni grafiti kavu na si kingine. Haina unyevu, haiiti vumbi, na ukikosa unga unaweza kusugua penseli laini kwenye meno ya ufunguo ukauingiza na kuutoa. Lakini isitiwe juu ya oili, kwa sababu vikichanganyika mnarudi kwenye tope lile lile.

MvuviKibirizi (Kigoma)

Pole sana kwa mama, dada. Hata hivyo mnajadili kana kwamba adui ni vumbi pekee. Sisi tunaolaza magari ufukweni tunapambana na kutu, na chumvi inachangia. Kuanzia Novemba mvua ikishika kasi, tundu la ufunguo halikauki, na grafiti ikilowana inafanya mabonge. Mimi ninatumia dawa kavu ya kupuliza yenye Teflon. Kimiminika chake hukauka na kuacha utando mwembamba usionata, na maji hayauondoi kwa urahisi.

FundiWaGungu (Kigoma)

Kuhusu mabonge tunaweza kukubaliana, ila kuhusu chumvi tuseme sawasawa: Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, halina chumvi ya bahari. Kutu ya Kibirizi inaletwa na unyevu.

MvuviKibirizi (Kigoma)

Sikusema chumvi ya ziwa, kaka. Nilikuwa na maana ya magari yanayobeba chumvi ya Uvinza. Muulize dereva yeyote wa malori hayo jinsi milango inavyoliwa kuanzia chini.

NyuziSifuri (mzaliwa wa Tabora, naishi Oslo)

Salamu kwenu nyote. Ninaona dawa ya mdogo wake mwenye mada imeachwa bila kujadiliwa, nami ninaitumia huku kila mwaka, hivyo naomba nieleze inavyofanya kazi.

Kitasa huganda kwa sababu maji huingia kwenye silinda, kwa mvua, theluji inayoyeyuka au kuoshwa kwa gari, kisha halijoto ikashuka chini ya nyuzi 0. Hapo vile vibao alivyovitaja fundi hushikwa na barafu. Ile dawa kwa sehemu kubwa ni alkoholi. Alkoholi ya isopropili huganda kwenye nyuzi 89 chini ya sifuri, kwa hiyo ikipenya inaiyeyusha barafu na kujichanganya na yale maji yasigande upesi. Baadhi ya makopo huongezwa kilainishi kidogo, lakini kidogo kweli. Watu wa huku huweka kopo nyumbani au mfukoni mwa koti, kwa maana likikaa ndani ya gari lililofungwa na barafu halimsaidii mtu yeyote. Wapo wanaopasha ufunguo moto kwa kiberiti cha gesi, jambo ambalo huharibu funguo zenye chipu ndani ya kichwa cha plastiki, na wapo wanaomwaga maji ya moto, ambayo dakika chache baadaye yanakuwa barafu mpya. Tena mara nyingi kitasa hakina kosa lolote: ulioganda ni mpira unaozunguka mlango, na tiba yake ni kuupaka silikoni kabla baridi haijaanza.

Sasa, Kigoma hakuna barafu ya kuyeyusha. Alkoholi itaosha uchafu kiasi, lakini itaondoka na mafuta yaliyobaki ndani na kukiacha kitasa kikavu, na ndiyo maana hata huku tunashauriwa kutia kilainishi baada ya kuitumia. Zaidi ya hayo, makopo ya kupuliza ya aina hiyo, yenye vitu vinavyowaka, hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Tafadhali usimwingize huyo mgeni wa likizo matatani.

MsafiriWaHeru (Mwanga, Kigoma)

Asanteni sana, na hasa kwa hilo la ndege, maana mgeni alikuwa afunge mizigo wiki hii. Nimempigia mdogo wangu kumwambia aache. Gari ni Toyota Probox, nililinunua likiwa limetumika. Ufunguo unaingia hadi mwisho lakini haugeuki. Mlango wa abiria ninaufungua kwa ufunguo huo huo, na unageuka bila shida. Jambo jingine nililoligundua leo baada ya kusoma maswali yenu: kile kibati kidogo chenye springi kinachoziba mdomo wa tundu la ufunguo, upande wa dereva kimebonyea kwa ndani na hakirudi, ila upande wa abiria kipo salama.

FundiWaGungu (Kigoma)

Sasa tunazungumza. Ufunguo wako yaelekea ni mzima, kwa kuwa upande wa pili unageuka. Tundu la ufunguo upande wa dereva, bila kile kibati, liko wazi kwa vumbi la kila safari, na kiangazi cha barabara zetu unakijua. Usibadilishe chochote kwanza. Puliza tundu kwa upepo wa kompresa, kisha safisha kwa WD-40 au mafuta ya taa kama alivyosema mzee, uendelee hadi ufunguo utoke bila weusi, uache likauke kabisa, ndipo utie kilainishi kikavu. Kibati kile kirekebishwe au kibadilishwe, la sivyo kiangazi kijacho utarudi hapa hapa. Na hata ukifunga rimoti baadaye, ufunguo uutumie mlangoni mara kwa mara, kwa sababu nimeletewa magari mengi ambayo betri ilikufa na kitasa kilichokaa bila kuguswa kikakataa kugeuka.

BintiUnyanyembe (Tabora)

Na mwambie fundi wako ukweli kuhusu kitasa cha mtumba: kinakuja na ufunguo wake. Utakuwa na ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia gari, isipokuwa akubali kuhamisha vibao vya silinda ya zamani na kuvipanga upya ndani ya hiyo nyingine, kazi inayotaka mkono uliotulia na mezani pasafi. Kilainishi kikavu, kwa hali yake, ni grafiti.

MvuviKibirizi (Kigoma)

Kwa hali yake ni Teflon, dada. Mwanga na ziwa havitengani.

MzeeWaIsevya (Tabora)

Mnabishania vitu ambavyo hata dukani kwake havipo. Mafuta ya taa yapo leo.

MsafiriWaHeru (Mwanga, Kigoma)

Mzee, shikamoo, Jumamosi nitaanza na mafuta yako ya taa na kompresa ya jirani, na fundi nimemwomba asing'oe kitu. Kati ya grafiti na Teflon bado sijaamua, kwa kuwa Kibondo nitapita kwenye vumbi na nyumbani ninarudi kwenye unyevu. Yeyote anayekuja Kigoma kutoka Mwanza kabla ya mwisho wa mwezi naomba aniandikie, nimtumie fedha aniletee kitakachopatikana kati ya hivyo viwili, pamoja na kile kibati cha mdomo wa kitasa cha Probox, upande wa kulia.