MREJESHO: Modi za sauti kwenye risiva ya hom thieta

Wakuu, narudi kushukuru. Niliuliza hapa nichague modi ipi ya sauti kwenye risiva (kifaa kinachopokea sauti ya TV na kuigawa kwenye spika), maana maneno ya waigizaji yalikuwa yanamezwa huku milipuko ikitikisa madirisha. Risiva ni ya spika tano na sabufa, sebule ndogo, Mabatini hapa Mwanza.

Kumbe kosa lilianzia kwenye TV. Ilikuwa imewekwa PCM, yaani TV inaifungua sauti yenyewe, na ilikuwa inapeleka chaneli mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Nilipobadili kwenda bitistrimu, yaani sauti inapita bila kufunguliwa na risiva ndiyo inaifungua, kioo cha risiva kikaandika Dolby Digital (mfumo wa sauti ya spika nyingi), na maongezi yakahamia spika ya kati. Hiyo spika nikaiongeza desibeli 3. Tofauti ni kubwa mno! Mama, ambaye masikio yamechoka, sasa anafuata hadithi bila kuniuliza "kasemaje?"

Modi ya ukumbi, inayoiga sauti ya ukumbi mkubwa, nimeachana nayo. Inaongeza mwangwi ambao haumo kwenye rekodi, nao ulikuwa unazidi kuvuruga maneno. Kwa king'amuzi kinachotoa chaneli mbili natumia Pro Logic II ya filamu, modi inayosambaza chaneli mbili kwenye spika zote; inavuta sauti ya mtangazaji katikati. Muziki nausikiliza kwa stirio ya kawaida, spika mbili za mbele. Dansi la zamani halikurekodiwa kwa ajili ya spika tano, liachwe hivyo.

Modi ya usiku nayo imeniokoa. Inapunguza pengo kati ya sauti kubwa na ndogo, na huku mlimani nyumba zimebanana kwenye mawe, jirani anasikia kila kitu. Ila mvua ikipiga bati, naizima na kuongeza sauti.