Nauliza: visa ya kwenda kwetu Ukerewe kupitia Tanga (kisanduku cha "uraia wa awali")

Binti Korogwe, Leicester

Assalaam aleikum wanajamvi, na wasio Waislamu habari za Jumapili. Naomba msaada wenu. Nina pasi ya Uingereza tangu 2016. Mama ni wa Korogwe, baba Mkerewe, na mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Julai nataka kuwapeleka watoto (miaka 9 na 6): wiki moja Tanga kwa bibi yao, wiki mbili kisiwani. Ombi la visa limerudishwa, wanadai uthibitisho wa lini niliacha uraia wa Tanzania. Karatasi hiyo sina. Kile kisanduku cha "uraia wa awali" nijaze nini? Harufu ya dagaa wakianikwa inanijia hadi usingizini, jamani.

Chumbageni Kwetu, Minneapolis

Wa aleikum salaam, dada. Pasi ya Uingereza visa ni dola 50, unaingia mara moja, siku 90. Dola 100 ni ya pasi ya Marekani, mwaka mzima, kuingia mara nyingi ila kila safari isizidi siku 90. Asikuchanganye mtu ukalipa mia. Lipia kwenye tovuti ya Uhamiaji inayoishia go.tz, zipo za mawakala zimepambwa hivyo hivyo na chao wanaongeza juu. Kila mtoto ombi lake na malipo yake. Pasi zibakize miezi 6.

Ngamiani Barabara ya 14, Tanga

Chumbageni, hakuuliza bei. Soma kwanza ndipo ujibu.

Mwanangu, Sheria ya Uraia ya 1995 haina uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua uraia mwingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma siku hiyo hiyo. Cheti cha kuukana hupewa aliyeomba kuukana, na wengi hawakuomba. Kinachoonyesha tarehe ni cheti chako cha uraia wa Uingereza: kiskani, ambatanisha na nakala ya pasi ya zamani ya Tanzania kama ipo. Pasi ya zamani usiitumie kuingilia, hata kama tarehe yake haijaisha. Hilo ni kosa.

Watoto: tazama tarehe walizozaliwa. Aliyezaliwa nje kabla mama hajabadilisha uraia anaweza kuwa raia kwa kurithi, iwapo mama mwenyewe hakuupata kwa kurithi. Aliyezaliwa baada ya hapo ni mgeni kama wageni wengine, na anaomba visa ya matembezi.

Mama Pweza, Rotterdam

Wote mmesahau Hadhi Maalum ya diaspora, ile ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine! Ndiyo ingemfaa.

Ngamiani Barabara ya 14, Tanga

Mama Pweza, Hadhi Maalum si uraia. Hupigi kura. Na mtu wa safari ya wiki tatu haimsaidii kitu leo.

Mama Pweza, Rotterdam

Ami, nimesema ingemfaa, sikusema ni uraia. Wakenya wameuruhusu uraia pacha kwenye katiba yao ya 2010, sisi mpaka leo tunaleteana hadhi. Fedha zetu hazina uraia, zinapokelewa vizuri tu.

Mto Pangani, Oslo

Siasa tuziweke pembeni kidogo. Dada, watoto wako wataingia ziwani, hilo huwezi kulizuia, kwa hiyo tuzungumze kichocho, ule ugonjwa wa minyoo unaopatikana kwenye maji yenye konokono.

Konokono wanaoueneza wanakaa maji ya kina kifupi yenye majani, yaliyotulia. Pale pale watoto wanapopenda kuchezea na kina mama wanapofulia. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yachote, yaweke kwenye pipa saa 24 au zaidi bila konokono ndani, au yachemshe.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kidonge kina miligramu 600: mtoto wa kilo 30 ni viwili, mtu wa kilo 60 ni vinne, na vinywewe baada ya kula. Kinachowaponza wengi ni kumeza siku ya kuondoka. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, wachanga inawaacha. Subiri wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho kugusa maji, kisha mwende kwa daktari huko Leicester na mtamke wazi "Ziwa Victoria", la sivyo atapima mkojo wakati kichocho cha ziwani aghalabu ni cha tumbo na hupimwa choo. Cha mkojo ndicho cha kwetu pwani, kwenye mabwawa na mifereji ya mpunga.

Chumbageni Kwetu, Minneapolis

Kwa hiyo hata Raskazone pale Tanga wasioge?

Mto Pangani, Oslo

Raskazone ni bahari! Konokono wa kichocho hawaishi maji ya chumvi. Nimesema mabwawa na mifereji.

Na malaria: kinga ya utotoni imekwisha, usijidanganye kwamba wewe ni wa huko. Dawa ya kinga, atovakwoni na proguanili, unaanza siku moja au mbili kabla, kila siku, na siku saba baada ya kurudi. Doksi (doksisaiklini) ni ya bei nafuu ila inaendelea wiki nne baada ya kurudi, na watoto wa umri huo hawapewi.

Ngamiani Barabara ya 14, Tanga

Njia. Kutoka Tanga basi linapanda Segera, Moshi, Arusha, Singida, Shinyanga hadi Mwanza. Msilazimishe kwa mkupuo mmoja na watoto, laleni Arusha. Mwanza hadi Nansio meli ni kama saa tatu. Asiyetaka maji mengi apite Bunda hadi Kisorya, avuke kwa kivuko hadi Rugezi. Majina ya watoto yaandikwe kwenye orodha ya abiria, usikubali "hao wadogo hawahesabiwi". MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikienda Ukara walikufa watu 228, na ilibeba kupita kiasi. Chombo kikijaa, shuka. Kesho kipo kingine.

Binti Korogwe, Leicester

Ahsanteni sana. Kaka wa Oslo, Mungu akuzidishie. Nitaulizia cheti cha uraia. Ila bado: kisanduku kile, niandike "Mtanzania" au niache wazi? Pia kaka zangu wanasema babu aliacha kipande cha shamba kinachogusa ziwa, nijenge banda dogo la kukaa tukija.

Mama Pweza, Rotterdam

Jenga, mwanangu! Kwenu ni kwenu.

Ngamiani Barabara ya 14, Tanga

Usijenge. Mama Pweza, unampeleka mwenzio mahakamani na wewe uko Rotterdam unakula jibini.

Kwanza, asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji; imo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Shamba la kijiji ndiyo kabisa, hati ya kimila inatoka halmashauri ya kijiji kwa mwanakijiji. Pili, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ziwa, mto au bahari. Tatu, ziwa lenyewe limepanda sana mwaka 2020 na tena 2024. Ufukwe unaoukumbuka huenda uko chini ya maji, na hizo mita 60 usizipime kutoka pale ulipokuwa ukicheza rede.

Kama babu hajafunguliwa mirathi, kaka zako waanze hapo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi, barua ya mtendaji wa kijiji, Fomu Namba I mahakama ya mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kurudisha Fomu V ya orodha ya mali na Fomu VI ya hesabu. Wengi hupokea barua ya uteuzi wakalala, ndipo kesi za ndugu zinapoanzia.

Mto Pangani, Oslo

Furu nao, wale samaki wadogo wa ziwani, usiwategemee. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wameshaliwa. Supu ya furu anayoisimulia mzee itabidi watoto waisikie tu.

Chumbageni Kwetu, Minneapolis

Lakini dagaa wapo. Chukua walioanikwa kwenye chanja, si chini. Wa chini wana mchanga na hauoshwi ukaisha. Wakauke hadi wawe wa kuvunjika mkononi, kisha karatasi ya kaki tabaka mbili, kiroba, ndoo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, usiende na furushi lake. Ulaya inaruhusu samaki kilo 20 kwa mtu, nyama na maziwa hapana. Uingereza hakikisha mwenyewe kabla ya kufunga ndoo. Hapa Marekani tamka forodhani, usifiche.

Mama Pweza, Rotterdam

Na machungwa ya Ukerewe atuletee salamu zake. Ingawa ya Muheza hayana mpinzani.

Binti Korogwe, Leicester

Shangazi, hapo nakukatalia. La Ukerewe unalimenya na maji yanafika kiwikoni.

Ngamiani Barabara ya 14, Tanga

Yote ni machungwa. Mkipita Segera nunueni ya kijani, msiwasikilize wanaotaka ya rangi. Usiku wa pwani hauna baridi ya kuligeuza ganda, ndani limeshaiva. Lipime mkononi: likiwa zito na ganda jembamba, hilo. Na mumchukulie bibi yenu wa Korogwe, kwake barabarani hawauzi mazuri.