Mrejesho: yule mwanamke wa kwenye picha ya penseli

Wakuu, nimerudi. Kwa waliopitwa: nilinunua mnadani hapa Leeds picha ndogo ya penseli ya mwanamke asiye na jina. Nikauliza ni ya miaka gani, na kama ni mjane, maana gauni limekolezwa weusi.

Niliitoa kwenye fremu kama mlivyonishauri. Selotepu ya nyuma ilinitoa jasho, nusura nichane kona. Nilipoiinua dirishani, ndani ya karatasi ikajitokeza alama ya maji, yaani chapa ya mtengeneza karatasi: J WHATMAN, na chini yake mwaka wa karatasi, 1833. Kwa hiyo haikuchorwa kabla ya hapo. Baadaye inawezekana, karatasi hukaa kabatini. Ila mikono ya gauni imetuna kama mito kuanzia begani, na fasheni hiyo Uingereza ilinywea kuanzia 1836. Nakisia 1833 hadi 1837, labda alikuwa mtu wa kupitwa na fasheni kidogo.

Ujane nimeufuta. Weusi wa penseli hausemi rangi, hata gauni jekundu lingetoka hivyo. Na hana ile kofia waliyovaa wajane wa enzi hizo. Vishungi vya nywele vinaning'inia wazi masikioni.

Kuhusu mikono yake mwenyewe (si ya gauni) kuachwa mistari mitupu, nilidhani mchoraji alikatizwa. Kumbe ndiyo staili: hata Ingres, mchoraji Mfaransa wa enzi hizo, alikamilisha uso, nguo akazipitia juu juu. Chini ya kidevu kuna mstari uliofutwa. Kidevu kilipandishwa kidogo.

Jina bado. Aliyesema nimulike dirishani, soda yako ipo.