MREJESHO: Yule niliyepoteza kujiamini baada ya kuachishwa kazi

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: nilikuwa nimejifungia ndani, simu sipokei, najiona sifai. Asanteni sana kwa kunijibu.

Kujisemea "naweza" mbele ya kioo kulinishinda, nilizidi kulia tu. Kilichonisaidia ni daftari: kila usiku naandika jambo moja nililofanya vizuri, hata kama ni maharage kuiva vizuri. Na dada uliyesisitiza nirudi kwenye kikoba, Mungu akubariki. Jumapili nilisoma hesabu za hisa mbele ya wenzangu 22, karatasi ikitetemeka mkononi, nikafika mwisho. Mama mweka hazina akanishika bega.

Usaili bado unanitisha; juzi nilikwama swali la kwanza. Nimeomba kwingine. Simu sasa napokea.