Kichwa cha 420 kuachwa na cha 360 pale Kitonga, imekaaje hii?

Swali
Wakuu heshima kwenu. Mimi sio dereva, nina kichwa kimoja (lori la kuvuta) na tela lake kinapiga Dar–Tunduma. Juzi nikasema ngoja nipande na dereva nione wese linaishia wapi. Tunapanda mlima wa Kitonga, yangu ni hosipawa 420, nyuma ikaja 360 ya zamani imejaa kama sisi tu ikatupita mdogomdogo mpaka nikaona aibu. Dereva anasema bosi injini imechoka tafuta 480, fundi anasema tubadilishe difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma). Nimsikilize nani?

Jibu
Usitoe hela kwanza. Rev (mizunguko ya injini kwa dakika) ilikuwa ngapi wakati mnapitwa?

Muulizaji
Mshale ulikuwa kwenye 900 hivi, kichwa kizima kinatetemeka. Baadae ikabaki kidogo isimame ndio akapangua, yaani akashusha gia.

Jibu
Basi mchawi umempata. Hizo 420 zilizoandikwa ubavuni unazipata rev ikipanda huko 1800 au 1900, sio muda wote. Ukiwa 900 hata injini ikisukuma Nm 2000 zote (Nm ni kipimo cha msukumo wa kuzungusha), nguvu inayotoka ni kama hosipawa 255 tu, kwahiyo pale 360 ndio alikuwa na gari kubwa kuliko lako.

Piga hesabu, gari na mzigo tuseme tani 50, mlima wa asilimia 8 yaani kila mita 100 unapanda 8. Ukitoa zinazoliwa na giaboksi na difu, 420 ikipewa rev yake inapanda kama kilomita 22 kwa saa, 360 kama 19, na wewe na 900 yako kama 13. Umeona? Tofauti ya 420 na 360 ni kilomita 3 tu, ila gia mbovu imekula 9. Hiyo 480 ukiinunua akaiendesha hivohivo itapitwa vilevile.

Jibu
Nimeendesha semi miaka mingi, naongezea hapo. Mlima unaingia na gia yake, hausubiri gari ichoke ndio ukumbuke klachi. Ukikanyaga klachi katikati ya mlima kama huo na tani 50, sekunde 2 tu zinakula kama kilomita 6 za mwendo, sasa ulikuwa unaenda 13, ukiachia klachi unakuta umebaki na 7 na gia uliyotaka nayo imeshakuwa kubwa, unapangua tena, mwisho unaanzia namba moja huku foleni nyuma inakupigia honi na utingo kashika gogo tayari kuruka. Mwambie apangue mapema, rev isishuke chini ya 1200, atulie hapohapo hata ikiwa mwendo wa kutembea kwa miguu. Vijana wengi wanadhani injini ikilia ndio inakula wese, wakati kuilazimisha rev ya chini ndio kunaichemsha.

Muulizaji
Dah. Na la difu je?

Jibu
Fundi anataka hela ya sikukuu 😂 Difu haiongezi hosipawa hata moja. Ukitoa ya 3.08 (propela, ile shafti ya kutoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 3.08 matairi yote mawili yakizunguka mara moja) ukaweka ya 4.2 kila gia inakua nyepesi kwenye mlima sawa, lakini barabara ya tambarare injini italia mwendo uleule na mafuta utayaona. Giaboksi yako ina gia 12, ya kupandia Kitonga imo humo ndani, haijatumiwa tu. Kama unataka kujua yako ni ngapi piga jeki tairi la upande mmoja nyuma, magogo ya uhakika kwenye matairi mengine maana handibreki lazima uiachie, weka nyutro, zungusha tairi mara 2 kamili uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Hiyo ndio namba yenyewe.

Ila dabo difu, yaani ekseli mbili zinazovuta, ni kesi nyingine, yenyewe inasaidia kushika lami. Singo difu yenye tani 10 kwenye ekseli inayovuta, lami kavu inapanda vizuri, mvua ikinyesha tairi linaweza kuzunguka palepale hata uwe na 600.

Muulizaji
Kumbe yangu singo. Sawa, kesho anapakia tena, nimemwambia akifika Ruaha Mbuyuni anibipu kabla hajaanza mlima.

Jibu
Na akirudi umuulize anashuka na gia gani. Kama ni nyutro, shusha mtu hapo hapo, maana injini haishiki gari.